Mpaka Mwali wa Bluu Uishe

Mada ya kaboni na kampaundi zake huwa naifundisha haraka haraka. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hudhani ni kwa sababu naiona nyepesi, na kwa kweli ni nyepesi. Almasi na risasi ya penseli ni kitu kimoja kilichopangwa tofauti. Mkaa ni kuni zilizochomwa huku zikinyimwa hewa. Lakini nikifika kwenye gesi mbili zinazotoka mkaa ukiungua, naandika maelezo ubaoni, nawaambia wanakili, kisha natoka kusimama barazani mpaka wamalize. Si tabia nzuri kwa mwalimu. Sijaweza kuiacha tangu Julai ile mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza.

Tulikuwa Mbebe, juu milimani, Ileje ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya. Huko, Juni na Julai, ukungu hushuka asubuhi na siku nyingine hauondoki mpaka jioni. Unaanika nguo, unaianua mbichi vilevile. Nilikuwa nimemaliza kujenga nyumba, na naomba nijisifu kidogo, kwa sababu kwa mwalimu wa ngazi yangu kujenga lilikuwa jambo la kutembea kifua mbele. Matofali ya kuchoma, bati, sakafu ya saruji, dari, madirisha ya vioo, milango iliyokaa kwenye fremu zake bila kuacha upenyo. Fundi aliponikabidhi funguo alisema, "Mwalimu, humu hata mbu akitaka kupita ataomba ruhusa." Nilicheka sana siku hiyo.

Mama yangu alihamia kwangu mimba ilipofikia mwisho, akafuatana na shangazi, mdogo wake marehemu baba, ili wasaidiane. Mama alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu, mfanyabiashara wa maharage. Tangu biashara iachiwe huru na kila mtu kuruhusiwa kuuza alichonacho, alikuwa haishi kushuka Tunduma na magunia yake kuwauzia Wazambia, na kila akirudi alikuwa na kitu kipya mkononi na hadithi ya jinsi alivyompata mtu kwenye bei. Safari ile alirudi na jiko la mkaa, lile la bati lililosilibwa udongo ndani, na magunia mawili ya mkaa wa Ndalambo. Ulikuwa mkaa mzito wa miti ya bondeni, unaolia kama vigae ukiugonganisha.

Hakulinunua jiko kwa anasa. Tangu nimjue, macho ya mama yalikuwa mekundu. Alitulea wote kwenye moshi wa kuni mbichi, ndani ya nyumba ya nyasi, moto ukiwa katikati, na uzeeni macho yale yalikuwa yakichuruzika bila kilio. Aliliweka jiko chini uani, akalizungukia, akasema, "Mjukuu wangu hatajua moshi." Shangazi akalipapasa akasema kweli, dunia imekwenda mbele.

Mtoto alizaliwa salama, binti, na mke wangu akaingizwa kwenye chumba cha nyuma, kile kidogo, kwa kuwa ndicho chenye joto. Hapo ndipo mimi nilipotolewa kwenye mambo. Katika ukoo wetu baba haingii chumba cha mzazi mpaka bibi amtoe mtoto nje na kumkabidhi. Si mwiko wa kutisha. Ni habari ya baridi tu. Mwanamume, wanasema, anakuja na baridi ya njia kwenye nguo zake, na mtoto mchanga huidaka mara moja. Bibi ndiye anayechagua siku ya kumtoa mtoto, na huchagua siku ya jua. Julai ile jua halikutoka.

Kwa hiyo binti yangu nilimjua kwa kupitia kioo. Nikirudi shuleni nazunguka nyuma ya nyumba, nagonga dirisha kwa ukucha, mke wangu anasogea na kumnyanyua. Naona paji la uso, naona pua, kisha kioo kinashika mvuke na sioni kitu tena. Tulikuwa tukiongea hivyohivyo, mdomo karibu na kioo, kama wafungwa. Mke wangu aliniita mwalimu tangu uchumba na hakuwahi kuacha.

"Mwalimu, humu ndani kuna joto mpaka najisikia vibaya," aliniambia siku moja. "Kichwa kinagonga toka asubuhi."

"Jiko limo?"

"Limo muda wote. Na mlango mama yako ameubana na tambara chini."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa naifahamu habari ile kwa moyo. Nilikuwa nimeiandika ubaoni mara nyingi kiasi kwamba mkono ungeweza kuiandika wenyewe. Mkaa unaoungua penye hewa ya kutosha unatoa gesi moja. Ukiungua mahali palipofungwa, hewa ikapungua, unatoa ile nyingine, na hiyo nyingine haina rangi, haina harufu, na inaua watu wakiwa wametulia kabisa. Nyumba yangu niliyoijenga bila upenyo ilikuwa imekamilika kwa kazi hiyo. Nyumba ya nyasi ya mama ilikuwa ikipumua kila mahali, ndiyo maana moto wake haukutuua.

Nilimwita mama uani. Nyumbani tunaongea Kindali, na kwa Kindali sikuwa na neno hata moja la kuanzia. Nikahamia Kiswahili, ambacho mama alikiokota ukubwani sokoni, wakati mimi somo lenyewe nilijifunza na kulifundisha kwa Kiingereza. Unaweza kufikiri ilivyokuwa.

"Mama, mkaa ndani ya chumba kilichofungwa una hatari."

"Hatari gani? Moshi hauna."

"Si moshi. Ni hewa nyingine. Huioni na hainuki."

Mama alinitazama kwa upole uleule aliokuwa akinitazama nilipokuwa na homa. "Huioni na hainuki. Sasa wewe umeijuaje?"

Swali zuri. Ningekuwa na maabara ningetafuta njia ya kumwonyesha, lakini maabara yetu ilikuwa kabati lenye chupa tupu na bango. Nikahangaika. Nikasema mkaa ukipata hewa nyingi unashiba, ukikosa hewa unatoa hewa yenye njaa, na hiyo hewa yenye njaa ikiingia kifuani inakwenda kwenye damu inakaa mahali pa hewa nzuri, haitaki kutoka. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Jioni hiyo walikuja wanawake wa kanisani kumwona mzazi, nikamsikia akiwaambia mlangoni, "Ingieni, ila mwalimu wetu anasema humu kuna hewa yenye njaa. Tutaipa uji." Wakacheka wote, na mke wangu alicheka pamoja nao.

Sikumkasirikia. Hasira yangu haikuwa na pa kukaa, kwa sababu mama hakuwa mjinga wala mkaidi wa bure. Kabla yangu alizika watoto wawili, wote wachanga, wote Julai, wote kwa kifua. Siku moja nilipochoka maneno nilikwenda moja kwa moja mpaka mlango wa chumba kile ili nilitoe jiko kwa mikono yangu. Mama alitoka akasimama katikati ya mlango. Hakupaza sauti.

"Baba," aliniambia, na mama akimwita mwanawe baba ujue anaongea na ukoo mzima, "unataka kunizikisha wa tatu?"

Nilirudi nyuma. Nikaenda kukaa kwenye kiti changu sebuleni, kwenye nyumba yangu, nikiwa sina sauti ndani yake.

Kuna saa nilidhani nimepata njia. Ilikuwa mchana, ukungu umetanda, nikamkuta mama nyuma ya nyumba akiwasha jiko na kulipepea kwa kipande cha boksi. Mkaa ulikuwa unaanza kushika, na juu yake vilikuwa vinacheza vile vimiali vidogo vya bluu ambavyo kila apikaye kwa mkaa ameviona. Nikaruka pale nilipokuwa. Vile vimiali ndiyo gesi yenyewe, inatoka chini ya mkaa na kuwaka inapokutana na hewa juu. Hapo tu ndipo inapojionyesha.

"Mama, njoo uone. Ile pale."

Aliinama, akafumba jicho moja linalochuruzika. "Huu mwali wa bluu?"

"Ndiyo. Hiyo ndiyo hewa ninayokuambia. Inaungua."

Alitazama kwa muda mrefu, na nilimwona anaamini. Moyo wangu ulipanda. Kisha akasema, "Kwa hiyo tukiungoja uungue wote uishe, ndani haiingii."

"Hapana. Inaendelea kutoka, mama, ila ndani haipati hewa ya kuwaka, kwa hiyo hutaiona."

"Baba, kwanza ulisema haionekani. Sasa umenionyesha nimeiona. Halafu ikiisha kuonekana bado ipo?" Alinipiga begani taratibu. "Usijali. Nimekusikia."

Na alikuwa amenisikia kweli. Tangu siku hiyo hakuingiza jiko ndani kabla mwali wa bluu haujaisha wote. Alikaa nalo uani kwenye baridi, na kitenge kichwani, akaungoja, akamwita shangazi athibitishe. Mkaa ukishakuwa mwekundu mtupu, mtulivu, bila moshi na bila mwali, ndipo alipounyanyua na kuupeleka kwa mjukuu wake. Akinikuta njiani aliniambia, "Umeona? Kama ulivyosema." Alikuwa na furaha ya mtu aliyetii. Mimi nilizunguka nyumba nikaegemea ukuta, nikalia kwa hasira, kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu utoto.

Nilikwenda zahanati nikamwomba nesi aje. Alikuja, mama mtu mzima aliyezalisha nusu ya kata, akaingia chumbani, akakaa, akatoka akijipangusa jasho.

"Mwalimu, hongera. Watoto wengi naletewa wameshakuwa baridi miguu yote. Huyu wako ana joto safi."

"Na lile jiko?"

"Lingekuwa na moshi ningewasema. Halina."

Nilimweleza. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza mahubiri ya dhehebu lisilo lake. Akasema basi wawe wanafungua dirisha mara mojamoja, na mama akasema tutafungua jua likitoka. Nesi akaona ni jibu zuri, akanywa chai, akaenda zake.

Siku nyingine mke wangu aliniambia dirishani jambo ambalo sitalisahau. "Mwalimu, nimechunguza. Wakinipeleka bafuni kunikanda, kichwa kinaachia. Nikirudi, kinaanza. Na mtoto huko nje analia vizuri, humu ndani analala tu."

"Basi fungua dirisha. Mama akitoka, fungua."

"Nafungua. Akirudi anakuta baridi, anafunga, anaongeza mkaa."

"Mwambie unaumwa."

Alifuta mvuke kwenye kioo kwa kiganja. "Mama yako analala chini kwenye sakafu kwa ajili yangu. Ananifulia nguo ambazo hata mama yangu ningemwonea aibu. Yeye mwenyewe amejifunga kitambaa, kichwa kinamuuma, anasema ni baridi. Nimwambie nini mimi?"

Nilirudi sebuleni nikajifanya nasahihisha.

Nikaamua kutumia akili ya fundi badala ya akili ya mwalimu. Kwa nje, juu karibu na dari, nililegeza tofali moja la chumba kile nikalitoa. Nilifanya mchana kweupe, nikasema natafuta mchwa. Hewa ikaanza kuingia. Niliporudi shuleni kesho yake, tundu lilikuwa limezibwa kwa ndani na tambara. Nikachukua fimbo nikalisukuma likaanguka ndani. Kesho yake limezibwa tena, kwa nguvu zaidi. Nikasukuma. Tulikwenda hivyo mimi na mama, siku baada ya siku, na mezani hakuna aliyelitaja. Ananipakulia ugali na maharage, ananiuliza habari za wanafunzi, namuuliza habari za maharage sokoni, huku kila mmoja anajua mwenzake amefanya nini ukutani. Kuna jioni nilimwona anazuia kicheko. Hata mimi nilicheka. Tulikuwa tunapendana sana, mimi na mama yangu, na ndiyo maana nilishindwa.

Jumamosi ile kulikuwa na ukungu uliolala mpaka kwenye mabua. Mama na shangazi walikuwa wamepanga kumkanda mke wangu na kumwosha mtoto, kazi ya muda mrefu, kisha wangemkalisha jikoni kwenye moto ale uji. Nilikuwa uani napasua kuni. Mke wangu alitoka kajifunika gubigubi, mtoto akiwa mikononi mwa shangazi chini ya khanga, wakaingia bafuni. Mama alibaki nyuma. Alikuwa anangojea jiko.

"Wewe huendi?" nilimuuliza.

"Shangazi yako atatosha. Mimi nawapashia chumba, wakirudi wakute pazuri." Alijikanda shingo. "Na nijinyooshe kidogo. Kichwa hiki."

"Mama, acha mlango wazi basi."

"Nitauacha, baba."

Alisema kwa sauti ile ya kumtuliza mtoto. Alikwishajaza jiko mpaka juu, kwa sababu chumba kilikuwa kitupu na kimepoa. Mwali wa bluu ulipoisha alilinyanyua kwa matambara mawili, akapita mbele yangu, mkaa ukiwa mwekundu mzuri. Nilisikia mlango ukifungwa. Nilisimama na shoka mkononi nikajiambia nitakwenda kuufungua nikimaliza gogo lile. Wakati huohuo wanawake watatu wa kanisani wakatokea kwenye ukungu na sukari na unga wa uji, wakanisalimia, nikawapeleka jikoni, nikawatafutia vigoda. Niliporudi nilipita mlango wa kile chumba, nikausukuma. Ulikuwa umebanwa kwa ndani na tambara, kama kawaida. Nikagonga. Nilidhani amelala, na nilifikiri jinsi alivyokuwa hapati usingizi kwa sababu ya mtoto. Nikamwacha apumzike, nikazunguka nje na fimbo yangu kusukuma tambara la tundu. Safari hii fimbo haikuweza. Alikuwa ameshindilia kitu kizito. Nikarudi kwenye kuni zangu, nikijiambia wenzake wakimaliza wataufungua mlango.

Jikoni wanawake walikaa. Mtoto alinyonya, wakamsifia, wakaimba kidogo. Nilisikia binti yangu analia kwa sauti kubwa na nikafurahi. Ni shangazi aliyekwenda kuita, kwamba chumba kama kimepata joto mzazi arudi. Aliita, kisha akaniita mimi, kisha nikaupiga mlango kwa bega.

Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kuingia chumba kile tangu mtoto azaliwe. Kulikuwa na joto la kupendeza. Mama alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka wake, mkono chini ya shavu, hakuna kitu kilichotupwa wala kupinduliwa. Kitanda cha mke wangu kilikuwa kimetandikwa na blanketi limefunuliwa pembeni, tayari kwa kumpokea. Nilimbeba mama mpaka nje kwenye ukungu, nikamlaza kwenye majani yenye umande, nikamkandamiza kifua nikimwita. Wanawake walinizunguka. Baadaye mmoja alinishika mkono akanizuia.

Kwenye tundu la tofali alikuwa ameshindilia shali yake nzito, ile ya kwendea Tunduma.

Watu walisema presha. Wengine walisema kwa sauti ya chini kwamba kulikuwa na kitu kilichotumwa kwa mtoto na bibi akakipokea yeye. Waliomwosha walitoka wakisema hawajawahi kuona maiti nzuri namna ile: midomo imekuwa myekundu, kucha zina rangi, macho yametulia, kama mtu aliyetoka kuota moto. "Amekufa na afya yake," alisema mmoja, na wenzake wakaitikia, na lilikuwa neno la kufariji. Mimi nilijua damu ikibeba gesi ile inakuwa na rangi gani. Niliitikia pamoja nao, nikasema ahsanteni.

Tulimzika kesho yake kwenye shamba la baba, mvua ya manyunyu ikitunyeshea. Tuliporudi, wanaume walikaa nje kwenye moto wa magogo chini ya turubai, wanawake wakajaa sebuleni kwangu juu ya mikeka, na mke wangu akawekwa pembeni kabisa, mbali na mlango, na mtoto amefunikwa. Kila aliyeingia alisema maskini mzazi huyu, na mtoto mchanga, na baridi hii. Nilikuwa nimeketi karibu na mlango kupokea pole. Mtu akasema fungeni madirisha. Yakafungwa. Kisha shangazi akaingia kutoka uani akitembea taratibu, mikono imeshika matambara mawili, na kati ya mikono yake lilikuwa lile jiko, jekundu, limetulia.

Nilisimama. "Shangazi, lirudishe nje."

Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia. Alinitazama kwa huruma. "Usiogope, baba. Tumengoja mpaka mwali wa bluu umeisha wote. Marehemu alitufundisha. Alisema ni wewe mwenyewe uliyemfundisha."

Wanawake waliitikia. Wawili watatu waliokuwa karibu walisema kweli, marehemu alikuwa akiwaambia hata sokoni: mkaa usiingize ndani kabla mwali wa bluu haujaisha, mwanangu mwalimu kanionyesha. Shangazi alilitua jiko katikati ya mikeka na watu wakanyoosha mikono.

Nilianza kueleza. Sikumbuki vizuri nilichosema. Nakumbuka nilianza kwa Kindali, nikaingia Kiswahili, na kuna mahali nilijisikia nasema Kiingereza, kama niko darasani, na mama mmoja aliyekuwa mbele yangu akaanza kunililia kwa sauti. Nilitaka kulishika jiko kwa mikono mitupu. Wanaume wawili walikuja wakanishika kwapani kwa upole, wakanitoa. "Mwacheni alie," walisema. "Ni mama yake." Walinikalisha kwenye benchi barazani, chini ya dirisha, na mtu mmoja akavua koti lake akanifunika mabegani kwa sababu ya baridi.

Nilikaa pale. Mlango wa sebuleni ulikuwa unafunguliwa na kufungwa na wageni, na nilijiambia kwamba angalau hewa inaingia, na kila ulipofungwa nilisikiliza kama utafunguliwa tena. Sikuwa na kazi nyingine niliyoweza kuifanya duniani.

Mke wangu alitoka. Alipita katikati ya wanawake waliokuwa wakimzuia, nikisikia sauti zao, na akaja mpaka kwenye benchi akiburuta kandambili. Alikuwa amemvingirisha mtoto kwenye ile shali ya mama.

"Kichwa kimeanza," alisema, akakaa.

Manyunyu yalikuwa yanaingia mpaka barazani. Kisha akaniwekea mtoto mapajani. Hakuna bibi aliyemtoa, hakukuwa na jua, na mimi nilikuwa na baridi ya makaburini kwenye nguo zangu zote. Nilimshika. Alikuwa mzito kuliko alivyoonekana kupitia kioo. Pua yake ilipoa mara moja, akafungua kinywa akalia kwa nguvu, na mimi nikamwacha alie.

"Jamani, wanamuua huyo mtoto," nilimsikia shangazi akisema ndani, sauti imejaa machozi. Mtu alisimama akaja dirishani, juu ya vichwa vyetu, akakivuta kioo kilichokuwa kimeachia upenyo mdogo, akakibana vizuri.